Fundo la Kifuani

Ukitaka kuuona ufundi huu, simama kando ya barabara inayoingia Kasulu, mkoani Kigoma, asubuhi ya siku ya gulio, au pale akina mama wa Kibondo wanapotoka kliniki na kadi za watoto mkononi. Mtafute mama mmoja anayejiandaa kuondoka, umtazame bila kumkodolea macho.

Kwanza anainama kutoka kiunoni, mgongo unalala karibu sawa na ardhi. Mtoto yuko ubavuni, ameshikwa kwa mkono mmoja chini ya kwapa. Mkono huo unampeleka mgongoni kwa mzunguko mmoja wa haraka, na asiyezoea hufumba macho hapo. Mkono wa pili umeshatangulia kumpokea kabla hajateleza. Mtoto naye si mzigo tu. Analaza shavu, anatanua mapaja, anakibana kiuno cha mama kwa magoti. Kitenge kinatupwa juu yake. Ukingo wa juu unakaa usawa wa mabega ya mtoto na kupita makwapani mwa mama. Ukingo wa chini unavutwa hadi chini ya makalio na kutandazwa kutoka goti hadi goti, kitambaa kiwe kikalio, kisiwe kamba. Ndipo mama anapojitikisa mara moja au mbili. Mtikiso huo ndio roho ya kazi yote: makalio ya mtoto yanazama ndani ya kitenge, magoti yanabaki juu yake, na mwili unajipanga wenyewe. Ncha mbili zinakutana juu ya matiti. Wapo wanaofunga fundo, wapo wanaosokota na kuchomeka. Mama anasimama wima, anaokota ndoo yake, huyo anakwenda zake.

Kanga ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110, na kitenge hakipishani nayo sana. Hakuna kifungo, hakuna zipu, hakuna kamba ya kurekebisha. Nguo hiyohiyo jana ilikuwa shuka, kesho itafungia maharage. Ufundi wote uko mwilini mwa anayefunga, na unarithishwa bila darasa. Msichana mdogo wa nyanda hizi huanza na gunzi la hindi lililofungwa mgongoni kwa kipande cha kanga iliyochakaa. Baadaye anapewa mdogo wake halisi, bibi akiwa amekaa pembeni, akimwambia tu kwamba mtoto ananing'inia, mpandishe. Mtoto kuning'inia ni aibu ya mbelekaji. Neno hilo la bibi, kama tutakavyoona, lina elimu ya mifupa ndani yake.

Ng'ambo ya mpaka, Burundi na Rwanda, mama wa zamani alibeleka kwa ingobyi, ngozi iliyolainishwa mpaka ikakubali kufuata mwili. Nguo ya dukani ilipokuja ilichukua nafasi ya ngozi, lakini mkao wa mtoto haukubadilika. Nyanda za Kigoma zimepitiwa na miguu mingi: Warundi waliokimbia mwaka 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu huko Kasulu mwaka 1996, na Warundi tena mwaka 2015 walipojaa kambi ya Nduta, upande wa Kibondo. Waliokuja na kitu kichwani na waliokuja mikono mitupu, wenye watoto wachanga wote walikuja wamefunga fundo kifuani. Katika njia za kambi huwezi kumtofautisha Muha wa Kigoma na Mrundi au Mbembe wa Kongo kwa namna anavyobeleka. Rangi za vitenge ndizo zinazopishana.

Sasa tuingie ndani ya mtoto, kwenye nyonga ambayo mkao huo unaigusa.

Kiungo cha nyonga kina sehemu mbili. Kuna kichwa cha mviringo juu ya fupa la paja, na kuna kikombe ubavuni mwa fupa la nyonga kinachokipokea kichwa hicho. Siku mtoto anapozaliwa sehemu kubwa ya vyote viwili bado ni gegedu, na kikombe hakijapata kina chake kamili. Kina hicho huchimbwa baada ya kuzaliwa, na kinachokichimba ni kichwa chenyewe, kikikaa katikati na kuzungukazunguka humo kila mtoto anaporusha miguu, kama mchi unavyozidi kukipa kinu kina kwa kutwangwa siku nenda siku rudi. Kichwa kikiegemea pembeni, kazi inaharibika. Ukingo wa kikombe unasukumwa, paa lake linabaki limeinama, na mwisho kichwa kinaweza kuteleza nje kabisa.

Ubaya wa ugonjwa huu wa nyonga ni ukimya wake. Mtoto mwenye nyonga iliyotoka hasikii maumivu, ananyonya na kucheka na kunenepa. Mzazi anaweza kumaliza mwaka mzima bila kujua, mpaka siku mtoto anaposimama na kuanza kuchechemea, au, nyonga zikiwa zimetoka zote mbili, kutembea kwa kuyumba kama bata. Hapo gegedu limeshakuwa mfupa, misuli imejifupisha, na dawa ni kisu: kufungua kiungo, pengine kukata fupa la nyonga na kuligeuza ili paa lifunike kichwa, kazi ambayo Robert Salter wa Toronto aliitengenezea njia miaka ya 1960. Asiyetibiwa huzeeka na kiungo kilicholika kabla ya wakati wake.

Wasichana hupatwa zaidi kuliko wavulana. Nyonga ya kushoto huumia zaidi kuliko ya kulia, kwa kuwa tumboni watoto wengi hulala paja la kushoto likiwa limeelekea uti wa mgongo wa mama, halina pa kutanukia. Kifungua mimba, ambaye tumbo lilikuwa bado limembana, yumo hatarini kuliko wadogo zake. Na aliyetanguliza makalio yumo hatarini kuliko wote.

Mkono wa mganga ulianza kuutambua ugonjwa huu mapema kupitia kwa mama. Marino Ortolani alikuwa daktari wa watoto huko Ferrara, Italia. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 mama mmoja alimwambia kuwa kila anapomsafisha mwanawe anasikia kitu kikitoa mlio pajani. Daktari mwingine angemtuliza na kumrudisha nyumbani. Ortolani alimlaza mtoto, akakunja magoti yake, akayafungua mapaja taratibu huku vidole vyake vya kati vikiinua fupa kutoka nyuma, akausikia mruko wa kichwa kikirudi kikombeni. Mwaka 1937 aliieleza njia hiyo kwa maandishi, na mpaka leo mkunga anayefundishwa kupima nyonga anafundishwa jina lake. Thomas Barlow wa Salford, Uingereza, aliongeza upande wa pili mwaka 1962: kusukuma paja kwa nyuma kwa upole ili kujua kama nyonga iliyo ndani inaweza kutolewa. Barlow alikuta mtoto mmoja kati ya 60 ana nyonga iliyolegea anapozaliwa. Kisha akasubiri, na subira yake ndiyo inayonifanya nimheshimu. Aliona kwamba zaidi ya nusu zinakaza zenyewe ndani ya wiki ya kwanza, na karibu 9 kati ya 10 ndani ya miezi 2. Maana yake ni kwamba wiki hizo za mwanzo ndizo zinazoamua, na namna mtoto anavyolazwa, anavyofungwa na anavyobebwa katika wiki hizo ina uzito.

Lakini vidole navyo vina kikomo. Nyonga yenye kikombe kisicho na kina cha kutosha ambayo haijatoka haitoi mlio. Eksirei haisaidii kwa mtoto mchanga, kwa kuwa gegedu halionekani humo, na kiini cha mfupa ndani ya kichwa cha paja huanza kuonekana mtoto akikaribia miezi 4 hadi 6. Aliyeliziba pengo hilo ni Reinhard Graf, daktari wa mifupa katika hospitali ya Stolzalpe, juu milimani Austria, ambaye mwaka 1980 alichapisha njia yake ya kutazama nyonga za watoto kwa altrasaundi. Mawimbi ya sauti hupita kwenye gegedu na kurudi na habari zake, na hayana madhara ya mionzi.

Ukisikia altrasaundi unaweza kudhani kazi inafanywa na mashine. Graf angekubishia. Katika njia yake mashine ni jicho tu, na ufundi umo katika mpangilio. Mtoto hulazwa ubavu ndani ya kihori chenye kingo laini za sponji, nyonga imekunjwa kidogo. Mama husimama upande wa pili na kuweka mkono begani mwake, atulie. Mpimaji anashika kipimo bapa kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimepata pa kuegemea, na kukisimamisha wima juu ya nyonga. Akikiinamisha kidogo tu, picha inadanganya: nyonga nzima huonekana mbovu, au mbovu ikaonekana nzima. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote anatakiwa kuzitaja sehemu moja baada ya nyingine kwa mpangilio usiobadilika, mpaka wa gegedu na mfupa, kichwa, kifuko cha kiungo, ukingo wa gegedu, paa, kila moja kwa jina lake. Kisha anajiuliza maswali matatu. Je, ncha ya chini ya fupa la nyonga, ile iliyo kitovuni mwa kikombe, inaonekana? Je, ukuta wa mfupa juu yake umenyooka? Je, ukingo wa gegedu upo? Jibu moja likiwa hapana, picha haipimwi, inatupwa, kazi inaanza upya. Napenda sana ukali huo. Fundi anayekubali kuitupa kazi yake mwenyewe kabla mtu hajamwona ni fundi wa kuaminiwa.

Picha ikikubalika ndipo mistari inapochorwa. Pembe kati ya ukuta wa mfupa na paa la kikombe huitwa alfa. Ikifika nyuzi 60 au zaidi, nyonga ni nzima. Ikiwa kati ya 50 na 59 na mtoto hajafika miezi 3, kiungo bado ni kichanga. Mtoto hurudishwa nyumbani na kupimwa tena, kwa sababu wengi wao hufika wenyewe. Ikishuka chini ya 50 hakuna kungoja. Chini ya 43 kwa kawaida kichwa kimeshatoka mahali pake. Austria ilifanya kipimo hiki kuwa haki ya kila mtoto mwaka 1992, na Ujerumani ikafuata mwaka 1996. Waingereza walichagua njia nyingine: vidole kwa kila mtoto, altrasaundi kwa walio hatarini, kama waliotanguliza makalio au wenye historia ya ugonjwa huu katika ukoo. Wanaobishana juu ya njia hizi mbili wana hoja pande zote, kwani anayepima wote huishia kutibu na waliokuwa wanapona wenyewe.

Nyonga mbovu iliyoonekana mapema hutibiwaje? Hapa ndipo nyanda za Kigoma na kliniki za Ulaya zinapokutana.

Zamani, kwa njia ya Adolf Lorenz wa Vienna, mtoto alirudishwa nyonga kwa nguvu na kufungwa hogo la plasta, mapaja yametanuliwa kabisa hadi kulala kitandani pande zote mbili. Nyonga ilirudi, lakini mara nyingi damu iliyokuwa ikikilisha kichwa cha fupa ilikatika, kichwa kikafa na kubondeka. Arnold Pavlik, daktari wa Czechoslovakia, aliyaona madhara hayo na katika miaka ya 1940 akaanza kutumia kitu kingine: mikanda. Mmoja unazunguka kifua, miwili inapita mabegani na kukutana mgongoni, na miguu inaingia kwenye vikuku vya kitambaa. Mkanda wa mbele unaikunja nyonga nyuzi 90 hadi 110, magoti yakawa juu. Mkanda wa nyuma haumtanui mtoto. Unamzuia tu asiyafunge mapaja. Kinachotanua ni uzito wa mapaja yenyewe mtoto akilala chali, na kinachorudisha kichwa kikombeni ni miguu yake akiirusha. Pavlik alikataa kuilazimisha nyonga. Aliipa mkao, akaiacha ifanye kazi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na Pavlik angeafiki, ila angeongeza kwamba samaki huyu akikunjwa kwa nguvu anavunjika, lazima ajikunje mwenyewe.

Mikanda hiyo huvaliwa usiku na mchana kwa wiki 6 hadi 12, na fundi wake ana mambo mawili ya kuogopa. Akikaza mbele kupita kiasi, mshipa wa fahamu wa paja unabanwa na mtoto anaacha kurusha teke. Akikaza nyuma kupita kiasi, anarudi kwenye kosa la Lorenz. Na kama baada ya wiki 3 au 4 nyonga haijaingia, mikanda hutolewa na njia nyingine kutafutwa, kwani kung'ang'ania kunaharibu ukuta wa nyuma wa kikombe.

Sasa mrudie yule mama wa Kasulu. Nguo imezunguka kifua chake na mgongo wa mtoto. Nyonga za mtoto zimekunjwa, magoti yako juu ya makalio, mapaja yametanuka pande mbili za kiuno. Kiuno cha binadamu ni kipana kiasi cha kuyazuia mapaja yasifunge, na chembamba kiasi cha kutoyapasua. Kinachokatazwa na mkanda wa nyuma wa Pavlik, kiuno cha mama kinakikataza bila kukaza kitu. Na kiuno hicho hakitulii. Mama analima, anainama, anapanda mlima kutoka mtoni, anatwanga, na kila hatua inazungusha kichwa cha fupa ndani ya kikombe. Mtoto wa Ulaya mwenye nyonga mbovu anavaa mikanda kwa wiki 6 hadi 12. Huyu atavaa mama yake miaka miwili. Bibi aliposema mtoto ananing'inia, mpandishe, alikuwa anakataa miguu inyooke na kulegea kuelekea chini, mkao ambao wataalamu wa nyonga nao wanaukataa.

Nisieleweke vibaya. Mbeleko si tiba ya nyonga iliyokwisha kutoka, na sitaki mtu aisome makala hii akaahirisha safari ya hospitali. Mbeleko ni kinga, na ushahidi wa kinga hiyo si maneno ya wanaosifu desturi. Uko karibu nasi, Malawi, nchi ambayo akina mama hubeleka kama wa Kigoma. Katika Hospitali ya Beit CURE ya Blantyre, madaktari walipitia kumbukumbu za karibu miaka 10, tangu Novemba 2002 hadi Septemba 2012. Watoto 40,683 walihudumiwa, na 9,842 kati yao walifanyiwa upasuaji. Hakukuwa na hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji kwa ajili ya ugonjwa huu wa nyonga. Simon Graham na wenzake walipoyachapisha hayo mwaka 2015 waliuliza kama dunia haihitaji kampeni ya kuwabeba watoto mgongoni. Wapo wanaosema damu na maumbile yana sehemu yake, na huenda. Lakini damu haibadiliki ndani ya kizazi kimoja, na Japani ilibadilika. Huko watoto walikuwa wakifungwa miguu ikiwa imenyooshwa. Mwaka 1975 ikaanzishwa kampeni ya kuwaacha wakunje nyonga na magoti, na ugonjwa ukashuka kutoka zaidi ya mtoto 1 kwa kila 100 hadi kama 2 kwa kila 1,000. Nchini Mongolia, ambako mtoto hukazwa nguo toka shingoni hadi nyayoni kwa ajili ya baridi, madaktari wa Uswisi wamefanya kazi na wenyeji kueneza njia ya Graf. Kule baridi ni kali, siwalaumu wazazi.

Baridi ya Kibondo nayo si ya kupuuzwa asubuhi za Juni na Julai, na kuna siku za mwanzo ambazo mbeleko haijaanza kazi. Mtoto wa wiki 2 shingo yake haijakaza, na familia nyingi humfungia ndani mama na mtoto mpaka arobaini itimie. Siku hizo ndizo zilezile ambazo, kwa hesabu za Barlow, nyonga nyingi zilizolegea hukaza. Mtoto analala amezungushiwa mablanketi na sweta juu yake. Hakuna ubaya, maadamu joto linabanwa kifuani na mabegani na miguu inaachiwa nafasi ya kukunjika na kutanuka chini. Ubaya unaanza pale anaponyooshwa. Wapo mabibi ambao kila wakimwogesha mtoto humshika vifundo vya miguu na kuvuta, goti ligongane na goti, eti asije akawa na matege. Mtoto mchanga hutoka tumboni akiwa amekunjika, na kumvuta namna hiyo ni kukisukuma kichwa cha fupa nje ya kikombe. Matege ya kawaida ya utotoni hujinyoosha yenyewe mtoto akikaribia miaka 2, yasiyojinyoosha yana sababu nyingine, na mbeleko haimo katika sababu hizo. Tuhuma kwamba mbeleko huleta matege imesambaa sana mijini, na ndiyo inayowapeleka mama wadogo kununua vibebeo vya kamba ambavyo mtoto huning'inizwa kwa kitambaa chembamba kati ya mapaja, miguu ikining'inia chini. Pesa ya kununulia kibebeo hicho ingetosha vitenge viwili vizuri vya gulio la Kasulu.

Je, watoto wachache ambao mbeleko haitawakinga watajulikanaje huku kwetu? Kasulu ina hospitali yake ya wilaya na ina Kabanga, hospitali ya misheni ya Kikatoliki. Kibondo ina ya wilaya. Heri, ya Waadventista, ilikuwa ndani ya Kasulu kabla Buhigwe haijawa wilaya mwaka 2012. Juu yao kuna Maweni, Kigoma mjini, kisha Bugando, Mwanza, kisha taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam. Ni ngazi ndefu, na kwa mkulima wa muhogo na maharage kila kidato ni nauli, malazi na siku za shamba kulala. Altrasaundi inayojulikana na akina mama wa huku ni ya kutazama mimba. Kupima kila nyonga kwa njia ya Graf hapa kungekuwa kuwapotezea muda wapimaji wachache tulio nao, na kwa kweli, ukizitazama takwimu za Malawi, kungekuwa kuwinda swala pasipo na swala. Kwa maoni yangu njia ya Waingereza inatufaa zaidi: vidole kwa wote, picha kwa wachache.

Na vidole tunavyo. Kila mtoto anayezaliwa zahanati au kituo cha afya hupita mikononi mwa mkunga anayemhesabu vidole, anayemtazama kitovu, kinywa na njia ya haja. Kupima nyonga ni kuongeza dakika moja juu ya hizo, mtoto akiwa ameshiba na chumba kina joto, kwa sababu mtoto anayelia hukaza mapaja na kuificha habari. Goti moja likiwa chini kuliko lingine mtoto akilazwa chali miguu imekunjwa, hiyo ni habari. Baada ya miezi 3 mruko wa Ortolani hupotea na dalili kubwa huwa paja linalogoma kufunguka. Nesi anayemchanja mtoto pajani wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ameshika nyonga hiyo mara tatu bila kuiuliza. Aiulize. Mama aliyezoea kubeleka anaweza kuijua kabla ya nesi, kwani mgongo wake una kumbukumbu: paja moja halikai kiunoni, mtoto anaelemea upande mmoja, kitenge kinapindia kulekule kila siku. Akilisema hilo kliniki asijibiwe kwamba ni mawazo. Ortolani hakumjibu hivyo yule mama wa Ferrara.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watu watatu. Mkunga wa Kibondo na wa Kasulu, zifungue nyonga za kila mtoto kabla hujamkabidhi kwa mama yake, na aliyetanguliza makalio mwandikie kwenye kadi arudi wiki ya 6 kwa ajili ya nyonga peke yake. Bibi, acha kumnyoosha mjukuu. Na wewe mama, endelea kufunga fundo lako hapo kifuani. Lakini paja moja likigoma kufunguka unapombadilisha nepi, mpeleke mtoto hospitali ya wilaya wiki hiyohiyo, kabla hajafikisha miezi 6, wakati dawa yake bado ni mikanda na si kisu.